Plasta Chini ya Jino la Neema

Nilianza kazi ya meno mwaka ule tuliokula udaga, ule muhogo wa kuvundika na kukausha, mpaka watoto wakawa wanaulilia ugali wa mahindi kama vile wanalilia nyama. Mvua ilikatika mahindi yakiwa magotini, mtama wakaumaliza ndege, tukabaki na muhogo. Asubuhi uji wa muhogo, mchana ugali wa muhogo, jioni ugali uleule umepashwa juu ya makaa ili uonekane ni chakula kingine. Wenzetu wa mgodini, wale waliotoka mikoa mingine, walikula wali, na harufu ya vitunguu vyao ilitoka Nyamongo ikatufuata hadi Nyangoto nilikoolewa. Mwenye umri wangu akisoma hapa ameshaujua mwaka huo. Nyie vijana ulizeni kwenu.

Naandika mwenyewe. Niliishia darasa la nne kule Susuni, kwa hiyo mkikuta maneno yamepinda, yapiteni pembeni kama mnavyolipita shimo barabarani. Mambo ya mshahara sitayaandika, na cheo sikuwahi kuwa nacho. Naandika kwa sababu wiki iliyopita Neema, niliyefanya naye kazi, alikuja uani kwangu kunitaka nirudi kliniki ya meno. Mjukuu wangu Rhobi anajifunza ufundi pale, na plasta yake, ule unga mweupe tunaoukoroga kumimina umbo la meno, ina mapovu. Daktari ameshasema plasta hiyo isipotengemaa, Rhobi atatolewa chumba cha mafundi akae mapokezi kuita majina ya wagonjwa. Neema anataka nikamwokoe. Nilichomjibu nitakisema mwishoni. Kwanza niwaachie kazi yenyewe, Rhobi na wenzako wote mliobaki pale, asije mtu akasema Bhoke aliondoka nayo.

Siku ya kwanza nilipewa ndoo, tambara, na onyo la kutogusa kitu cheupe. Chumba chote kilikuwa cheupe. Meza, ukuta, sakafu, hata kope za Mzee Okelo zilikuwa na vumbi la plasta. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wetu, Mjaluo wa Rorya, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa hata akiagiza chai. Daktari alikuwa chumba cha mbele akichimba midomo ya watu, na Mzee Okelo alikuwa nyuma akitengeneza kile ambacho daktari angekibandika.

Meza ya Mzee Okelo ilikuwa ndefu, imeegemea dirisha, ina viti viwili. Cha kulia kilikuwa dirishani, na hicho ni cha fundi, kwa sababu rangi ya jino haichaguliwi kwa taa. Taa inadanganya. Jino lililochaguliwa chini ya taa, mtu akitoka nalo juani, watu wanaliona kabla hawajamwona yeye. Cha kushoto ni cha anayejifunza. Huyo anapokea, anapitisha, anafuta, anaangalia mkono wa mwenzake na kunyamaza. Ukimkuta mtu ameketi kwenye ile meza, huna haja ya kuuliza nani anamfundisha nani.

Nilipofuta kile kiti cha dirishani nilikikalia kidogo. Kutoka pale unaona barabara yote ya Nyamongo, bodaboda zinavyopishana, na nyuma ya maduka yale mawe ya mgodi yaliyorundikwa hadi yakawa mlima ambao babu zetu hawakutuachia. Nikasikia vizuri mwilini. Mzee Okelo akaingia, nikasimama, naye akaketi.

"Kiti kina joto," akasema.

"Nimekifuta na maji ya moto, mzee."

Akaniangalia, akaangalia ndoo yangu ya maji ya kisima. Tangu siku hiyo aliniita nyathina, yaani mwanangu, ingawa alinizidi miaka ya kuhesabika. Nami tangu siku hiyo nilikitaka kile kiti. Sikusema kwa mtu. Nilikitaka tu, kila asubuhi, nikikifuta.

Plasta niliipata kwa mdomo wangu. Mkorogaji aliyekuwepo alikimbilia kwenye mashimo ya dhahabu, na Mzee Okelo akawa anajikorogea mwenyewe. Mimi napiga deki, yeye anakoroga, anatukana kwa Kijaluo, anamwaga, anakoroga tena.

"Mzee, wewe hujawahi kupika uji?"

"Nina wake wawili, nyathina. Uji unapikwa."

"Ndiyo maana una mapovu."

Akanisogezea bakuli la mpira na ule mwiko wake bapa wa chuma. Nikakoroga. Akamimina kwenye chapa, ile alama ya meno iliyochukuliwa mdomoni mwa mgonjwa, akasubiri, akafungua, akazungusha lile jino la plasta mbele ya dirisha kwa muda mrefu. Kesho yake mtu mwingine alipewa ndoo na tambara.

Rhobi, hapa usome polepole. Maji yanatangulia. Unga unaunyunyiza juu ya maji kwa mkono, kama unavyonyunyiza unga wa mtama kwenye uji, na unauacha uzame wenyewe. Usiusaidie kuzama. Ukishalowa, ndipo unakoroga, na mwiko uukandamize kwenye ukuta wa bakuli, usiuinue juu ukarudi nao na upepo. Ukiupiga kama mayai umeshaharibu. Kisha gonga bakuli mezani, mapovu yapande, yapasuke. Chapa iliyotoka mdomoni usiiache ikauke, inasinyaa kama jani la mboga. Isuuze mate, ikung'ute, anza kumimina kona moja, kidogo, huku unatikisa, plasta itembee yenyewe kutoka jino hadi jino. Ukimwaga yote kwa pamoja umefungia hewa ndani, na hewa itakaa palepale kwenye ncha ya jino, kwa sababu hewa nayo inapenda mahali pazuri. Plasta itapata joto. Ngoja joto liishe kabisa ndipo ufungue. Wewe unafungua mapema, nakujua, kwa sababu unataka kurudi dirishani.

Ninasema haya yote kwa sababu moja. Lile gamba la kubandika mbele ya jino, mnaloliita vinia, ni jembamba kama ukucha. Linatengenezwa juu ya plasta, siyo mdomoni. Plasta ikiwa na povu, gamba litakaa vizuri juu ya povu na vibaya juu ya jino. Patabaki upenyo. Daktari ataujaza kwa gundi, mgonjwa ataenda akicheka, na chai ya moto na mate na ugali vitaanza kuingia humo kimyakimya. Halafu siku ya harusi ya watu anang'ata mfupa, gamba linabaki kwenye mfupa. Hapo wote wanailaumu kauri ya lile gamba, wanamlaumu daktari, wanalaumu mfupa. Plasta hailaumiwi. Wala haisifiwi, na hilo ndilo lililonikaa kooni miaka yote.

Baada ya plasta Mzee Okelo alinikalisha kushoto kwake akanifundisha resini ya kujengea jino. Hiyo ni laini kama ugali wa mtoto, unaijenga tabaka kwa tabaka, na kila tabaka unalimulika kwa taa ya bluu hadi ligande. Halafu unasugua na kung'arisha hadi kidole kiteleze. Kung'arisha ndiko wengi wanakofanya uvivu. Resini isiyong'arishwa inanywa chai kuliko mwenye jino.

Na alinifundisha swali lake. Wakati ule simu za picha zilikuwa zimeshaingia Nyamongo, kila mtu akawa anajipiga uso wake mwenyewe, na waliopata dhahabu hawakutaka tena jino la dhahabu kama baba zao. Walitaka meupe, yote ya mbele, kama ya mtu waliyemwona kwenye simu. Mzee Okelo alikuwa akitoka chumba cha mbele kuwapokea.

"Usimwulize anataka meno ya nani," aliniambia. "Mwulize anafungua soda na nini."

Hilo mlishike. Anayefungua chupa kwa meno, anayekata uzi kwa meno, anayemenya muwa kwa meno, anayesaga meno akilala hadi mkewe anahamia chumba cha watoto, huyo msimpe gamba jembamba la kauri eti kwa sababu linapendeza. Tazameni pia meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Yakigongana ncha kwa ncha, gamba halina maisha. Mwambieni ukweli hapohapo. Atanuna, lakini kununa kunapona.

Nilikuwa nimeanza kuona kwamba siku moja nitahama kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo ndipo Neema alipokuja.

Alitoka Singida, akimfuata mume aliyekuja kuchimba. Mume alihamia mashimo ya mkoa mwingine, yeye akabaki na chumba cha kupanga na mikono yake. Na mikono hiyo niseme ukweli ilikuwa mizuri, mirefu, mikavu, isiyo na haraka. Aliingia akapiga goti kidogo akaniambia, "Shikamoo."

Jamani. Tulikuwa tunapishana miaka ya mtu kunyonya na kuachishwa. Angeniambia habari za asubuhi. Niliitikia marahaba huku nahisi mvi zinaota.

"Mfundishe plasta," Mzee Okelo akasema.

Nikamfundisha. Sikumficha kitu, maana ningeficha angekoroga vibaya na kazi ingerudi kwangu. Akaishika upesi kama mtu anayekumbushwa. Bakuli langu, mwiko wangu, namna yangu ya kugonga meza. Ungesikia mtu anagonga bakuli ungedhani ni mimi.

Kisha daktari akaleta tanuri la kauri. Kauri inakuja kama unga, unaulowesha kwa maji kidogo, unaupanga kwa brashi ya manyoya tabaka juu ya tabaka, unaukausha kwa kitambaa, unaupanga tena, unauingiza kwenye moto. Unaujenga mkubwa kuliko jino kwa sababu ukiiva unasinyaa. Ukitoka unausugua, unaupanga tena, unaurudisha. Na mwisho kinatoka kitu ambacho mwanga unaingia ndani yake na kutulia, kama jino la mtoto. Nilipoona la kwanza sikupumua.

Ile brashi ilikuwa moja. Mzee Okelo aliitunza kwenye kibweta. Siku hiyo aliitoa, mimi nikiwa nimeketi kushoto kwake nimenyoosha mgongo, akampa Neema.

"Mzee," nikasema, "mimi ndiye niliyetangulia."

"Mkono wako una nguvu, nyathina. Mkono wa kusonga ugali. Kauri inataka mkono wa mtu anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Mwache Neema aanze. Yeye atakaa hapa dirishani nikiwa chumba cha mbele, nawe utakaa kushoto kwake. Akishaelewa atakuelekeza."

Neema aliangalia chini. Afadhali angenicheka.

Nikasimama nikamwambia Mzee Okelo, mbele ya daktari na mbele ya mpiga deki, "Sikai kushoto kwa mtu niliyemfundisha kukoroga plasta."

Mzee Okelo alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Basi kaa na resini yako," akasema. Nikapewa meza ya ndani, kwenye kona, chini ya taa. Nilikaa hapo hadi nilipostaafu.

Nilimwonea wivu Neema na bado namwonea. Nasema waziwazi kwa sababu wengine hujifanya kwamba mahali pa kazi watu wanapendana. Nilikuwa nasikia tanuri lake likilia kwamba limemaliza, nami nagonga bakuli kwa nguvu zaidi. Watu walipita meza yangu bila kugeuza shingo, wakaenda dirishani kuona vilivyoiva. Umeme ulipokatika katikati ya moto, na Nyamongo umeme unakatika, jenereta likachelewa kuwaka, meno yake yakatoka na ukungu kama kioo kilichopuliziwa. Siku hizo niliosha bakuli langu nikiimba nyimbo za kanisani. Naye akayatupa, akaanza upya, na kuanza kwake upya kukaniudhi kuliko angelia.

Lakini sikilizeni, chapa zote za Neema zilikuja kwangu kwanza. Plasta ya kliniki nzima niliikoroga mimi. Kila jino alilosifiwa alilijenga juu ya jino langu.

Kazi iliyonikalia vibaya kuliko zote ilikuwa ya binti wa vijiji vya upande wa Serengeti, ambako maji ya baadhi ya visima huwapaka watoto meno rangi ya kahawia yakiwa bado yanaota. Binti alikuwa anaolewa. Nikamng'ang'ania daktari anipe mimi. Kahawia ile nikaifunika kwa resini nyeupe nzito, nikaongeza, nikaongeza. Mama yake alimtazama mwanawe akacheka kwa mara ya kwanza.

"Huyu ni binti yangu," akasema, "au ni ukuta wa kanisa?"

Yalitolewa. Neema akayafanya kwa kauri. Aliweka kwanza tabaka jembamba lisilopitisha mwanga, kuua kahawia, kisha juu yake tabaka zinazopitisha, na kwenye ncha akaacha kijivu kidogo kama meno ya watu. Nilimwangalia kutoka kwenye kona yangu. Mjue basi, resini haifichi giza bila kuwa chokaa, giza lipewe kauri, na hata kauri isivae nene. Baada ya harusi familia ilirudi na kuku kushukuru. Kuku yule alipita mbele ya meza yangu, kichwa chini, akaenda dirishani. Plasta ya meno yale niliimimina mimi.

Basi tukawa tunabishana, mimi na Neema, kila siku, kwa heshima ya kuchoma. Mimi nasema kauri ni ya watu wanaokula kwa uma. Resini ikimeguka nairekebisha mtu akiwa amekaa, na saa ya chakula anakula. Yeye anasema, "Dada Bhoke, ikimeguka kila mara, huyo mtu anaoa kliniki?" Mzee Okelo alichoka. Ndipo akaja Matiko, mwenye bucha pale njia ya kwenda sokoni, amevunja meno mawili ya mbele kwa kufungua soda. Alifungua ya kwanza kwa jino la kulia. Kwa kuwa la kulia limevunjika, soda ya pili akafungua kwa la kushoto.

"Mmoja wenu hapa, mmoja pale," Mzee Okelo akasema. "Midomo yenu ipumzike, mdomo wa Matiko useme."

Matiko alikubali kwa sababu anapenda ugomvi wa watu wengine. Nikamimina plasta ya meno yote mawili, ya jino langu na ya jino la Neema, na Mungu ananiona, nilimimina sawasawa. Lake kauri, langu resini. Kabla ya chapa daktari alikuwa ameyasugua kidogo tu, akaiacha ile ngozi ngumu ya nje ya jino, maana gundi inaipenda hiyo; ukiimaliza ukaingia ndani kwenye unjano, gundi inashika leo na kuachia kesho. Siku ya kubandika akaweka pamba kila upande, mate yasifike. Sehemu ya ndani ya kauri ikapakwa asidi iwe na makwaruzo yasiyoonekana, ikaoshwa, ikakaushwa. Gundi, taa ya bluu, kwisha. Yalipotoka yalilingana hadi Matiko mwenyewe hakujua lipi la nani.

Nikawa napitia bucha kila siku. Nilikuwa nanunua hata utumbo nisiouhitaji.

"Mama Bhoke, leo unataka nini?"

"Cheka."

Anacheka. Mwanzoni nilirudi nyumbani na amani. Halafu chai ya Matiko ikaanza kuonekana kwenye langu. Nikaling'arisha upya. Likameguka pembeni, kwenye mfupa, nikaliziba siku hiyohiyo, kama nilivyokuwa nimesema. Likanywa chai tena. La Neema likakaa vile lilivyokaa, halikumeguka, halikubadilika, kama vile Matiko alizaliwa nalo. Nimelibadilisha langu zaidi ya mara moja. La kwake ni lilelile hadi leo. Na yule mura, yaani kijana wetu, akinikatia nyama, anacheka upande ule makusudi.

Basi andikeni vichwani. Kwa mtu mwenye ngozi ya jino ya kutosha, anayeng'ata vizuri, atakayekubali kifungua chupa kama watu wengine, kauri inadumu kuliko resini. Nimeliona kwa macho, na ningefurahi liwe vingine. Resini ni ya kijana ambaye meno bado yanabadilika, ya ufa mdogo, ya mtu anayejaribu kwanza, ya mahali ambapo tanuri haliaminiki. Wanaosema resini haifai, waambieni waje kwangu. Lakini kudumu kwa lile la Matiko kulianzia kwenye bakuli la mpira. Miaka hiyo yote nilisubiri mtu alitaje bakuli. Wanataja brashi.

Mzee Okelo alipochoka macho alirudi kwao Rorya. Siku ya kuaga aliwapa watu mikono, akafika kwangu akasema, "Nyathina, plasta yako nitaikumbuka." Kisha akageuka, mbele ya wote, akamwambia Neema, "Kiti ni chako." Tumeshamzika, na pale kaburini Neema alilia kwa sauti kuliko mimi. Hata hapo.

Rhobi alipomaliza shule niliomba apokelewe. Nilimtengea kiti kwenye kona yangu, nikaweka mto niliofuma. Asubuhi yake ya kwanza alisimama katikati ya chumba na begi lake, akaniangalia mimi chini ya taa, akamwangalia Neema dirishani, kisha akaenda kukaa kushoto kwa Neema.

"Bibi, huku kuna mwanga," akasema. Hakuwa na ubaya. Ni kweli kuna mwanga.

Anamwita Neema Mwalimu. Mimi ananiita Bibi, ambalo ni jina la mtu anayengojwa amalize kula ili vyombo vioshwe. Nilimimina plasta zao wote wawili hadi siku ya kustaafu. Na nilipoondoka, plasta ikaangukia kwa Rhobi, na mapovu yakaja.

Wiki iliyopita, nilikuwa natandaza udaga uani, bodaboda ikaleta watu wawili. Neema alishuka na sukari na kitenge. Rhobi alibaki kwenye kichaka cha mpaka, anachezea jani.

"Shikamoo, dada Bhoke."

"Marahaba. Bado tu unanizeesha."

Akacheka, akaketi kwenye mkeka bila kungoja, akaanza kunigeuzia udaga kwa ile mikono yake. Hakuzunguka.

"Rhobi ana mkono wa kauri," akasema. "Ataniacha mbali. Lakini plasta inamshinda, na mimi kumfundisha siwezi. Nikikoroga inatoka, nikieleza haieleweki. Wewe ndiye uliyekuwa unaeleza. Daktari amechoka, magamba yanarudi. Njoo hata asubuhi tu."

"Nikae wapi?"

"Dirishani."

Nikaacha kugeuza udaga.

"Kiti cha dirishani, dada. Mimi nitakaa kushoto kwako. Rhobi atasimama. Nimeshamwambia daktari." Akaokota kipande cha udaga, kisha akasema lile neno. "Jino la Matiko halikukaa kwa sababu ya kauri yangu. Lilikaa kwa sababu plasta yako haikuwa na povu hata moja. Nilijua siku ileile nilipoipokea."

Maneno hayo niliyangoja tangu Mzee Okelo akiwa hai. Niliyangoja mezani, chini ya taa, mbele ya daktari, mbele ya familia ya binti na kuku wao. Yeye ameyasema uani kwangu, wanaosikia ni kuku wangu na mtoto aliyesimama kichakani. Siku ileile alijua, akala kuku wa watu akanyamaza. Na kiti ambacho Neema anaweza kunipa ni cha Neema, hata nikikikalia mimi. Nitakipasha joto, kisha nitasimama, kama siku ya kwanza na ndoo yangu.

"Rhobi," nikaita. Akaja. "Jumamosi njoo hapa na mfuko wa plasta na chapa zako mbovu zote. Bakuli ninalo. Utakoroga hapa uani mpaka uchoke, na ukirudi kwa daktari hutakuwa na povu. Na siku ukikaa kile kiti cha dirishani, mtu akilisifu jino lako, utataja bakuli kabla ya brashi. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Kwa hiyo utakuja kliniki?" Neema akauliza. Alikuwa bado ameshika kipande cha udaga, ananiangalia kama anavyoangalia rangi ya jino. "Kulia kwangu, dada. Dirishani. Mimi kushoto."

Alikuwa ameniondolea kila sababu. Lile jibu langu la zamani halikuwa na pa kukaa tena, viti alikuwa ameshavigeuza. Lakini ndilo nililokuwa nalo, na lilikuwa langu tangu mwanzo, hakunipa yeye. Nikamwambia:

"Sikai kushoto kwa mtu niliyemfundisha kukoroga plasta."